Kuandika na Mzee wa Mabati

Bibi yangu alikaa ndani ya mtumbwi miaka minne, na kosa lilikuwa langu. Nilimpakia mwenyewe pale Ikombe, kwenye ukurasa wa kumi na tisa wa daftari, pamoja na vyungu vyake kumi na viwili vilivyopangwa juu ya majani makavu ya migomba. Nikamsukuma majini aende kuviuza sokoni Lyulilo, kisha nikaweka kalamu chini niangalie maharage yasiungue. Sikurudi.

Daftari la kwanza liliishia hapo. La pili nililianza upya kwa mwandiko mzuri zaidi, nalo likakwama mahali palepale. La tatu, mwanangu alichana kurasa zake za mbele akafungia maandazi ya kupeleka shuleni. Nilipomgombeza akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nilikuwa bado nazitumia. Nilimwambia akaoge.

Nina kibanda cha stationari hapa Mwaya. Kutwa nzima nachapa na kutoa kopi mambo ya watu wengine: barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao, kadi za michango ya harusi. Vidole vyangu vimeandika mengi kuliko vya karani wa wilaya, lakini ya kwangu mwenyewe hayakuwa yakisonga. Mama yangu, anayeishi Matema, alikuwa akinitania kila nikimpigia.

"Bibi yako ameshafika?"

"Bado, mama. Ziwa limechafuka."

Anacheka, tunaendelea na habari za homa na mvua. Ukweli ni kwamba ziwa lilikuwa shwari. Siku ile halisi nilikuwamo ndani ya mtumbwi, mtoto wa miaka sita, nimekaa katikati ya vyungu na kuambiwa nisitikisike. Tulipogusa mchanga wa Lyulilo niliruka kabla ya kuruhusiwa, na mguu wangu ukapita katikati ya chungu kikubwa kuliko vyote, cha mtu aliyekuwa amekiagiza. Nyumbani ikasemwa kwamba mpiga kasia ndiye aliyekivunja, na mimi nikanyamaza. Yule baba wa watu alizeeka na sifa ya kuvunja vyungu. Sasa ningemfikishaje Bibi ufukweni bila kuandika kilichotokea ufukweni? Nilikuwa mwoga, na mwoga hapungukiwi na visingizio. Mara maharage, mara umeme, mara mtoto.

Mume wangu anafanya kazi Mbeya na hurudi mwisho wa wiki. Nadhani alichoka kusikia habari za mtumbwi. Jumapili moja alinitumia linki ya kundi la watu wanaoandika pamoja mtandaoni, kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili. Nikamuuliza wanafundishana nini. Akasema hawafundishani kitu. Unaingia, unasalimia, unasema leo utaandika nini, kila mtu anazima maiki, mnaandika kimya. Mwisho kila mmoja anataja amepata mistari mingapi.

"Yaani niunguze bando langu kutazama watu walionyamaza?"

"Jaribu wiki moja," akasema.

Nilijaribu ili nimwonyeshe ulivyo upuuzi. Asubuhi ya kwanza niliegemeza simu kwenye kopo la sukari, nikajifunga kilemba vibaya, nikaingia. Kulikuwa na watu tisa ndani ya vidirisha vidogo. Msimamizi alikuwa nesi wa Kigoma, mwanamke mwenye sauti ya kutuliza wagonjwa. Alinieleza sheria: uso uonekane, ili usirudi kulala, na majina yabaki nyumbani. Kila mtu aliitwa kwa kile kilichoonekana nyuma yake. Nyuma yangu palining'inia kalenda ya mwaka uliokwisha zamani, niliyoiacha kwa sababu ya picha ya maua. Basi nikawa Kalenda. Fundi cherehani mmoja wa Tanga aliyekuwa akitunga mashairi aliitwa Pazia. Na kulikuwa na kidirisha kimoja kisicho na uso kabisa, mabati ya paa tu na boriti moja. Huyo aliitwa Mzee wa Mabati. Hakuwahi kufungua maiki, hata Jumamosi tulipokuwa tukisomeana. Aliandika tu ujumbe pembeni, kwa Kiswahili kilichonyooka, nukta na mkato kila kimoja mahali pake. Nesi alikuwa ameshajaribu mara nyingi kumweleza jinsi ya kusimamisha simu akakata tamaa.

Sikuamini kilichotokea ndani ya saa ile. Niliandika. Si kwamba mtu alinisaidia. Pazia alikuwa amekunja uso juu ya karatasi yake, nesi anatafuna kalamu, na mabati yametulia kama mabati, lakini kila nilipotaka kuamka nikachungulie jiko, niliona aibu kuwaacha. Nikamkumbuka Bibi. Hakuwa akifinyanga nyumbani kwake hata siku moja. Alijitwisha udongo wake akaenda kukaa na wanawake wenzake, kila mmoja na chungu chake, hakuna aliyegusa cha mwenzake. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo. Akasema, "Nikiwa peke yangu nausikia mgongo. Nikiwa na wenzangu nausikia udongo." Nilikuwa nimelisahau neno hilo mpaka alfajiri ile.

Wiki moja ikawa miezi saba. Na katika wote, aliyenishika zaidi alikuwa Mzee wa Mabati. Siku niliyopata mistari miwili tu na kuitaja kwa aibu, aliandika: "Kitalu cha mpunga nacho ni kidogo, Kalenda, na shamba zima hutoka humo." Siku niliyolala nikakosa, nilikuta ujumbe: "Kalenda hayupo. Asiyekuwapo na lake halipo." Nilikasirika mpaka nikasahau chai, na kesho yake nilikuwa wa kwanza kuingia. Kila tukimaliza alikuwa na swali lilelile: "Bibi yuko wapi leo?" Nami najibu bado yuko majini, lakini anauona ufukwe. Yeye alikuwa akiandika maisha yake ya kufundisha, awaachie wajukuu. Nilimdhania mtu wa Songea, sijui kwa nini.

Tulitaniana sana. Karibu na Krismasi nililalamika kwenye kundi kwamba wakwe zangu wakija sikukuu hawaondoki mpaka gunia la mchele lilie. Mzee wa Mabati alinijibu kwanza kabisa. "Pole, Kalenda. Wakwe ni mtihani."

Sasa lazima niseme habari ya baba mkwe wangu, ingawa kwa kweli sikuwa na habari zake. Nimeolewa kwa Wanyakyusa, na kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwingine apite. Ni heshima, na tena ni heshima ya pande mbili. Mjini wengi wameilegeza. Baba mkwe wangu hakuilegeza, na mimi niliyetoka ng'ambo ya Matema sikutaka kuwa wa kwanza kusemwa. Kwa miaka kumi nilijua baiskeli yake tu; hata sikukuu yeye alikula uani, nami sikutoka jikoni. Anakaa mbele ya kona, mwendo wa dakika chache kutoka kwangu, na kila akiikaribia kona hiyo hupiga kengele mara tatu, taratibu, ili kama niko barabarani nipate muda wa kuingia kwenye migomba. Miguu yangu iliijua kengele ile kuliko kichwa. Niliwahi kumwaga ndoo nzima ya maji kwa ajili yake, na sikuona ajabu.

Jumamosi moja tulikuwa tumemaliza kuandika, Pazia anasoma shairi lake. Nilikuwa na spika moja ya simu sikioni, sikio la pili nimeliacha wazi kwa ajili ya nyumba. Ghafla nikasikia kengele mara tatu, taratibu, ndani ya simu. Na kengele hiyohiyo nje, kwenye kona.

Sikufikiri. Niliingia chini ya meza.

Niliangusha kopo la sukari, simu ikalala kifudifudi, na nikiwa kule chini na sukari kichwani nikasikia mbwa wetu anabweka uani. Akabweka na ndani ya simu. Kisha sauti ya mzee, ambayo sikuwahi kuisikia kwa karibu, ikasema nje na sikioni kwa pamoja: "Nyamaza wewe. Unanijua."

"Kalenda," nesi aliita. "Kalenda, umeanguka? Na huyo nani anaendesha baiskeli?"

Baadaye nilielewa. Baba mkwe aliitwa mapema kupima kakao, hakutaka kukosa mahudhurio, kwa hiyo alitia simu kwenye mfuko wa shati ikiwa wazi, akapanda baiskeli. Mfuko ukawasha maiki. Mwalimu mstaafu huyo, hata kwenda kupima kakao alienda na darasa. Lakini wakati ule chini ya meza nilielewa jambo moja tu. Kwa miaka kumi nimeruka mifereji ili mtu huyu asinione, na kwa miezi saba nimepiga miayo mbele yake, kilemba upande, nikimsema kwa mchele. Nilizima simu bila kuaga.

Mume wangu nilimpigia kabla sijajifuta sukari. Akakiri. Linki alikuwa amemtumia baba yake kwanza, alipostaafu na kuanza kuzunguka nyumba bila kazi. "Nilijua hakuifungua," akasema. "Baba simu yake ni tochi." Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Siku tatu sikuingia. Saa kumi na moja niliamka kama kawaida, nikakaa mezani mbele ya daftari, nikausikia mgongo. Sikupata hata mstari. Bibi alikuwa hatua kumi kutoka mchangani na nilijua kabisa kwamba nikitoka kwenye lile kundi hatashuka tena, atakuwa daftari la nne la kufungia maandazi. Kubaki nako niliona ni utovu wa adabu. Niliumia kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimempoteza rafiki, na rafiki mwenyewe nisingeweza hata kumwendea kumwomba radhi.

Siku ya nne akaja mama mkwe wangu na kikapu cha ndizi. Nilipiga goti kumsalimia.

"Mugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu." Akaketi, akaitazama kalenda ukutani, akaanza kucheka kifuani bila kutoa sauti. "Kumbe ndiyo hii."

Nilitamani kurudi chini ya meza.

"Nimetumwa," akasema. "Lakini kwanza nikwambie yangu. Yule mzee hajaandika tangu Jumamosi. Yuko jikoni kwangu kutwa. Anakagua ninavyokata vitunguu. Jana ameniambia vipande havilingani."

"Pole, mama."

"Pole haitanisaidia. Anasema atatoka yeye kwenye hicho chama chenu, wewe ubaki. Anasema ameshaandika ya kutosha, mwenzake bado ana mtu ziwani."

Hapo machozi yalinitoka, nami si mtu wa kulia mbele ya wakwe. "Mama, akitoka yeye na mimi sitaandika. Nani ataniuliza Bibi yuko wapi?"

Aliniacha nimalize. Kisha nikamuuliza lililokuwa likinichoma: kama baba ameniona.

"Nani, yule? Simu anailaza mezani kama sahani. Miwani yake ya kuandikia, nikisimama mlangoni hanitambui, sembuse uso mdogo humo ndani. Yeye alijua Kalenda ni mwanamke wa Dodoma."

"Na habari ya gunia la mchele?"

"Hiyo ameisoma." Alichagua ndizi moja iliyoiva, akaimenya polepole. "Anasema Krismasi ijayo tutakuja na mchele wetu."

Penye wazee haliharibiki neno. Alikula ndizi yake yote akiwaza, akafuta mikono, kisha akaamua shauri lile. "Mila inasema msionane," alisema. "Nani amekwambia inasema msiandike? Wewe simu yako itazame mikono. Ya kwake iendelee kutazama paa. Na kabla hajaingia humo ndani apige kengele, kama anavyopiga kwenye kona, ili ujiweke sawa. Nimemaliza. Na mimi nataka jiko langu."

Kesho yake niliishusha kamera ikatazama daftari. Saa kumi na moja kamili mabati yalitokea, na kengele ikalia mara tatu. Alikuwa ameifungua kwenye baiskeli akaiweka mezani, airudishe kukikucha. Ilibidi niwaeleze wenzetu, na Pazia alicheka mpaka akaomba samahani, akaendelea kucheka. Nesi yeye alikuwa na swali moja tu, kama kengele ile inaweza kutumika kila siku kuanzisha na kufunga kipindi. Mzee wa Mabati akaandika: "Inawezekana. Kengele ni ya shule."

Kitu ambacho mama mkwe hakukijua ni kwamba mikono haina pa kujificha. Uso unaweza kukunjwa ukaonekana unafikiri. Mkono ukisimama, umesimama. Asubuhi ya tatu mtumbwi ulipogusa mchanga, kalamu yangu ikaganda, na ujumbe ukaingia: "Mkono wa Kalenda umesimama." Hakuuliza zaidi. Niliutazama mkono wangu kama wao walivyokuwa wakiutazama, mkono wa mtu mzima, wenye wino wa mashine ya kopi kwenye kucha, na nikaona upuuzi wa mkono mkubwa kiasi kile kuogopa kosa la mtoto wa miaka sita. Nikaandika. Niliandika mruko, mlio wa chungu, na Bibi aliyeokota vigae kimoja kimoja bila kuniangalia, akamwambia mpiga kasia jambo ambalo sikulisikia. Kengele ilipolia saa kumi na mbili nilikuwa nimejaza kurasa tatu na nilikuwa nimeloa jasho.

Kabla ya kuisoma kwa wenzangu ilinilazimu kumsomea mama. Nilimpigia, nikamsomea yote bila kupumua.

"Kwa hiyo amefika," mama akasema.

"Mama, ni mimi niliyekivunja."

"Najua. Bibi yako alinieleza jioni ileile. Alimwomba yule mpiga kasia alibebe kosa yeye, kwa kuwa wewe ulikuwa umetetemeka njia nzima. Akawa anampa chungu kimoja kila mwaka mpaka alipokufa." Kisha akauliza kama mvua imeshafika kwetu.

Jumamosi nikasoma. Nilipomaliza nesi alikuwa akipangusa macho na Pazia ameinamisha kichwa. Mabati yalikuwa mabati. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na ujumbe, wala swali. Nikajiambia pengine mtandao wake umekata, ingawa boriti niliiona vizuri kabisa. Nilishinda kibandani siku nzima nikikosea kopi za watu.

Jumatatu jioni nilikuwa barabarani narudi nyumbani, mfuko wa karatasi begani, niliposikia kengele kwenye kona, mara tatu. Niliingia kwenye migomba kama siku zote na kuipa barabara mgongo. Baiskeli ikaja, na kila siku hupita. Safari hii ikasimama. Nilisikia mguu ukishuka kwenye changarawe, kisha kikohozi cha mwalimu anayengoja darasa litulie. Alisema akiielekea barabara, kama mtu anayezungumza na baiskeli yake.

"Bibi amefika," alisema. "Sasa vile vyungu kumi na kimoja viuzwe."

Sikuruhusiwa kumjibu. Nikalishika jani la mgomba lililokuwa karibu, nikalitikisa mara tatu, taratibu, ili ajue nimesikia. Akapanda baiskeli akaenda zake, nami nikangoja mpaka alipofika mbali ndipo nikatoka.